Kuchochea Maasi Katika Jeshi: Sheria Yasema Nini?

Askari akiasi hushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Lakini je, raia asiyevaa sare, aliyemshawishi askari yule, hana kosa? Sheria ya Uingereza yajibu kwamba analo, na asili ya jibu hilo ni mambo ya mwaka 1797.

Mwaka ule Uingereza ilikuwa ikipigana na Ufaransa. Mwezi wa Aprili mabaharia wa manowari zilizokuwa Spithead, karibu na Portsmouth, walikataa kung'oa nanga. Mshahara wao haukuwa umeongezwa kwa zaidi ya miaka 100, na chakula chao kilipunjwa. Serikali iliwaongezea mshahara, nao wakasamehewa. Mwezi wa Mei maasi mengine yalizuka Nore, penye mlango wa mto Thames. Hayo hayakusamehewa, kiongozi wake, Richard Parker, alinyongwa. Katika hofu ile Bunge lilitunga sheria mwezi wa Juni: mtu atakayejaribu, kwa nia mbaya na kwa kusudi, kumshawishi askari au baharia aache wajibu na utii wake, adhabu yake ni kifo.

Yafaa kuangalia mambo mawili. Kwanza, kosa hutimia kwa kule kujaribu tu, hata kama askari hakushawishika. Pili, hapana budi mshtaki athibitishe nia.

Kufikia mwaka 1912 adhabu ya kifo ilikuwa imekwisha kuondolewa katika sheria hiyo. Mwaka huo Tom Mann, kiongozi wa wafanyakazi, alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa ajili ya maandishi yaliyowasihi askari wasiwapige risasi wagomaji. Watu wengi walinung'unika, naye akafunguliwa kabla ya miezi 2 kwisha.

Mwaka 1934 ilitungwa sheria nyingine. Adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 2, lakini hata kuweka maandishi ya uchochezi kwa nia ya kutenda kosa hilo ni hatia. Ile ya 1797 ilifutwa mwaka 1998.

Kenya nayo, katika Kanuni ya Adhabu, yakataza uchochezi huo, ikiwataja polisi pamoja na wanajeshi, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha.

Basi msomaji apambanue: kudai hadharani kwamba askari waongezewe mshahara ni jambo moja; kumshawishi askari auvunje utii wake ni jambo jingine, na hilo ndilo sheria iliyokusudia kulizuia.