Pikipiki ya matairi manne kwa bei ya kutupa: ununue au uache?

Wiki iliyopita mjomba wangu alinipigia simu toka Dakawa, kule Mvomero. Mjomba ni mkulima wa mpunga na huwa hapigi simu hovyo, akipiga ujue kuna msiba au kuna hela. Safari hii ilikuwa hela. Kuna jamaa anauza pikipiki ya matairi manne, zile ambazo watalii wanakodi kuchezea mchangani, zinaitwa ATV. Bei ilikuwa milioni saba, sasa anaitoa kwa milioni nne na nusu, mwisho Jumamosi. "Wewe si ndiyo unashinda kwenye mtandao? Niangalizie kama ni dili."

Kwa mjomba hiyo ni akiba ya misimu miwili. Anataka chombo cha kutoa magunia majarubani mpaka barabarani, maana masika yakikolea hata bodaboda inazama. Siku zisizo za shamba kimpeleke mkaza mjomba kliniki na watoto shule. Basi nikakaa mtandaoni siku mbili, nikaenda kuiona yenyewe Kigamboni, nikapitia na Gerezani kuulizia spea. Nayaweka hapa niliyoyapata kwa sababu najua si mjomba peke yake anayeoneshwa vitu vya namna hii.

Kwanza, mjomba si mjinga kuitamani. Honda walianza kuuza vyombo hivi Marekani mwaka 1970, vikiwa na matairi matatu. Suzuki wakaleta ya matairi manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zile za matatu zilipinduka mno, zikaua watu, wakiwemo watoto, mpaka mwaka 1988 makampuni yakakubaliana na serikali ya Marekani kwamba hawataziuza tena mpya huko. Za manne zikabaki, na wakulima wa nchi nyingi wanazitumia shambani kila siku. Siri yake iko kwenye matairi: ni mapana, laini, na yanajazwa upepo kidogo sana. Gari dogo linajazwa kama psi 30 hivi, hizi nyingi hazifiki hata 10. Uzito unasambaa, chombo kinapita juu ya tope badala ya kulichimba.

Ila hapo hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Gari la kawaida lina difu. Ukikata kona, tairi la nje linazunguka haraka kuliko la ndani. ATV nyingi nyuma hazina difu, matairi mawili yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka sawasawa. Kwenye tope hakuna neno, la ndani linateleza kidogo na kona inakatika. Kwenye lami haliteleza, linang'ang'ania. Wewe umekata usukani, chombo kinataka kwenda moja kwa moja, na ukilazimisha kwa kasi kinainuka upande mmoja. Sasa njia ya mjomba kwenda kliniki ni barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, yenye mabasi na malori usiku na mchana. Hapo mimi roho ilishaanza kusita.

La pili ni kiti. Ukikiona kilivyo kirefu unasema wanakaa watatu. Sivyo. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja tu, na kiti ni kirefu ili dereva apate kusogea mbele akipanda mlima, nyuma akishuka, na kuegemea upande wa kona. Mwili wake ndio unaosawazisha chombo. Ukimbandika mtu nyuma umemfunga dereva asisogee. Ile ya Kigamboni ilikuwa bado na stika ya onyo, picha ya abiria imepigwa mkasi mwekundu. Kwa hiyo habari ya mkaza mjomba na watoto ikafia hapo.

La tatu ni mzigo. Kwenye keria ya nyuma palikuwa na maandishi: kilo 60. Ya mbele: kilo 30. Gunia la mpunga la mjomba, lile lililoshindiliwa, moja tu linapita hapo. Nikamwuliza muuzaji, akacheka, "Watu wanapakia tu, bro." Wanapakia, ndiyo. Lakini mzigo mzito ukikaa juu nyuma, ukipanda tuta la jaruba sehemu ya mbele inanyanyuka na chombo kinaweza kumrudia dereva kifuani. Namna ya maana ya kubeba mzigo na ATV ni kuvuta tela, nayo ina kikomo chake. Tela haimo kwenye ile milioni nne na nusu.

Sasa niliyoyaona kwa macho. Chombo kilikuwa kinakodishwa ufukweni, maana yake kimekunywa maji chumvi miaka yote. Juu kimepakwa rangi mpya, kinang'aa. Nikainama chini: bolti zimeliwa na kutu, na mipira inayofunika viungio vya ekseli za mbele imepasuka, mchanga umeingia. Nikagusa injini, ya moto, wakati mimi ndiyo kwanza nafika. Ukikuta hivyo omba urudi kesho asubuhi uiwashe mwenyewe ikiwa baridi, na uangalie moshi. Wa bluu maana yake inakula oili. Halafu linganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi. Kadi niliyopewa ilikuwa na jina la mtu mwingine, jamaa akasema, "Tutaandikishiana tu." Hapana. Umiliki unabadilishwa TRA, siyo kwenye karatasi ya daftari.

Gerezani niliingia maduka matatu kuulizia matairi ya saizi ile. Wawili wakanicheka. Wa tatu akasema agiza, usubiri. Nilipojumlisha matairi mawili ya nyuma, vile viungio vya mbele na tela ya kuchomelea, punguzo lote la milioni mbili na nusu likawa limekwisha, na injini bado haijafunguliwa.

Nikampigia mjomba. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo mpunga niubebe kichwani?"

Swali la haki kabisa, na mimi sikuwa na jibu la haraka. Tukaanza kuhesabu pamoja. Shida yake kubwa ni kile kipande cha tope toka majarubani mpaka barabarani, kwa wiki chache za masika. Pawatila zilisambazwa sana vijijini baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, na jirani yake anayo moja. Inalima, inavuta tela, na fundi wake yuko palepale kijijini. Anaweza kuikodi msimu huu, na akiridhika atafute yake iliyotumika. Kliniki bodaboda zipo.

Simwambii mtu kwamba ATV ni chombo kibaya. Kama una shamba kubwa au mifugo, unapanda peke yako, haugusi lami, na una fundi anayeijua, inaweza kukufaa sana, hata iliyotumika. Mjomba hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa tope.

Jumamosi imepita. Jana muuzaji kampigia tena, kashusha mpaka milioni nne. Mjomba akaniuliza, "Na sasa je?" Nikamwambia, mjomba, kiti ni kile kile na ekseli ni ile ile. Kasema atafikiria. Nami namjua mjomba akisema hivyo, kwa hiyo kama kuna mdau aliyewahi kumiliki hiki chombo shambani atoe uzoefu wake hapo chini, nimsomee kabla hajafungua kibubu.