Rangi ya ng'ombe si cheti cha damu yake

Mfugaji mmoja wa Kiuyu ameniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi. Anataka kununua mtamba. Mwenye mnyama anasema ni chotara wa robo tatu, yaani robo tatu ya damu yake ni Friesian, na bei aliyoitaja ni ya robo tatu kweli. Mabaka meusi na meupe anayo, nundu karibu hana. Je, amwamini?

Nilimjibu kuwa mabaka si cheti. Rangi husimamiwa na vinasaba vichache tu, ilhali maziwa, kimo na uwezo wa kustahimili joto husimamiwa na vinasaba vingi mno. Mnyama aweza kurithi rangi ya babu yake wa Ulaya akayakosa mengine. Hata hesabu ya vizazi hudanganya. Fahali wa Friesian halisi akimpanda jike halisi wa kienyeji, ndama ni nusu kwa nusu, hapo hapana ubishi. Lakini chotara akipandwa na chotara mwenziwe, kila ndama hupata fungu lake kama karata zilizochanganywa. Mmoja aweza kuangukia asilimia 43 ya damu ya kigeni, na ndugu yake wa baba na mama mmoja asilimia 57. Kwenye daftari wote wawili huandikwa nusu.

Siku hizi jambo hili hupimwa. Huchomolewa singa chache za mkia pamoja na mashina yake, kwa kuwa vinasaba vya kupimwa vimo kwenye shina. Hutiwa katika bahasha kavu, ikaandikwa namba ya mnyama, ikapelekwa maabara. Barafu haihitajiki, wala sindano.

Na unafuu wa bei umetoka wapi? Maandishi yote ya urithi wa ng'ombe yana herufi karibu bilioni 3. Yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kazi ya miaka na fedha nyingi. Mwenye kutaka kujua mbegu ya mnyama hana haja ya kuyasoma yote. Huchaguliwa zile sehemu ambazo ng'ombe wa Ulaya na zebu wetu hutofautiana, zikasomwa hizo tu. Vipimo vilivyoenea mwanzoni vilisoma sehemu zipatazo 50,000. Mwaka 2017 watafiti wa ng'ombe chotara wa Afrika Mashariki walionyesha kuwa sehemu mia chache, zikichaguliwa vizuri, zatosha kukadiria kiasi cha damu ya kigeni na hata kumtambua baba.

Hili la baba, kwa sisi watu wa kisiwani, mie naliona kubwa kuliko la asilimia. Dume mzuri akipatikana hupanda mtaa mzima. Miaka mitatu haijesha, mabinti zake wamefikia kupandwa naye yungali palepale, na ndama wa namna hiyo huwa dhaifu na wagumu kushika mimba.

Ama hiyo robo tatu yenyewe, kwa Kiuyu sina hakika kama ni sifa. Ardhi kubwa ya huko ni maweni, na kiangazi majani hukauka mapema. Friesian mwenye damu nyingi hula sana, hunywa ndoo kwa ndoo, na ndigana humlaza upesi kuliko zebu. Ng'ombe wa nusu, aliyefungwa kamba na kuongezewa majani ya kukata, aweza kumfaa mwenyewe zaidi.

Lakini kipimo hiki hakitaji lita. Ili kinasaba kihusishwe na maziwa, lazima ziwepo kumbukumbu za ng'ombe maelfu. Kazi hiyo ilianzwa mwaka 2016, Tanzania na Ethiopia, chini ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI: singa za mkia kwa upande mmoja, lita zilizopimwa bandani kwa upande wa pili. Lengo ni madume wachaguliwe kwa maziwa ya mabinti zao wanaoishi kwenye jua letu na kupe wetu, si ya mabinti walioko Uholanzi.

Kwa hivyo mnunuzi wetu, kabla ya kufikiria maabara, amwombe muuzaji daftari. Aulize mama yake mtamba alihamilishwa lini na kwa mbegu ya dume gani, na alikuwa akitoa lita ngapi asubuhi na jioni wakati wa kiangazi cha kaskazi. Daftari likikosekana, bei ianzie ya ng'ombe wa kawaida.