Lady Gaga na Muppets: juu ya nini mashabiki waligawanyika?

Tarehe 28 Novemba 2013, usiku wa Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, televizyo ABC ilionyesha Lady Gaga pamoja na bamarioneti wa Muppets. Nyimbo nyingi zilitoka mu ARTPOP, albamu yake ya mwezi ule ule. Mashabiki wake walifurahi. Kwa wapenzi wa Muppets, wengi walinung'unika. Juu ya nini? Kermit anachekesha watu toka 1955; hawakutaka akuwe msindikizaji wa kuuzisha albamu. Hapa Kolwezi tunaelewa: ukialika kundi la Mufwankolo kutoka Lubumbashi, halafu uliweke nyuma ya mwimbaji bila kuchekesha, wazazi watazima televizyo. Mwimbaji mgeni ni karibu, lakini aachie wenyeji kazi yao. Munaonaje?