‘Pole’ na ‘Sorry’: Suala la Uwajibikaji katika Tamko la Kufariji

Makala hii inafafanua tofauti ya kipragmatiki baina ya *pole* ya Kiswahili na *sorry* ya Kiingereza, neno ambalo sasa husikika katika Kiswahili kwa umbo la *sori*. Hoja yake ni kwamba tofauti hiyo haimo katika kiwango cha huruma, bali katika swali la nani anawajibika kwa yaliyompata msikilizaji.

Austin (1962) aliweka kuomba radhi na kutoa rambirambi katika kundi moja la vitendo uneni. Searle (1976) alibainisha kwamba anayeomba radhi huchukulia kuwa tendo baya ni lake. Anayefariji hafungwi na sharti hilo. Kiingereza hutumia *sorry* kwa vitendo vyote viwili na kuuachia muktadha kazi ya kuvitenganisha. Kiswahili, kwa jumla, huvigawa kimsamiati: *pole* hufariji, ilhali *samahani* na *niwie radhi* huomba msamaha, ingawa nchini Kenya *pole* husikika pia katika kuomba radhi. Ndiyo maana aliyejikwaa hupewa pole hata na mpita njia, na atokaye shambani huambiwa “pole na kazi” ingawa hakufikwa na baya lolote.

Sarufi na majibizano vinathibitisha mgawanyo huo. *Pole* huchukua kiambishi *-ni* inapoelekezwa kwa wengi, nayo hujibiwa “asante” au “nimeshapoa”. *Sori* kwa kawaida haibadiliki, na jibu lake la mazoea ni “usijali”. Hivyo aliyefikwa na shida, badala ya kupokea faraja, hujikuta akitoa msamaha.

Uzito wa jambo hili huonekana pale ambapo hatari ni ya kila siku. Katika Ngumbo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, eneo lililokuwa chini ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa, wengi hutegemea uvuvi. Chukuliwe mfano wa mtumbwi uliozama na mvuvi akafariki. Jirani anayesema “poleni kwa msiba” hushiriki huzuni bila kugusa chanzo chake. Mwenye mtumbwi akisema “sori”, wafiwa waweza kusikia ukiri: je, chombo kilikuwa kibovu? Kinyume chake, ikiwa alijua kuwa kinavuja, *pole* pekee itasikika kama kukwepa. Hapo hudaiwa maneno mawili: *pole* kwa msiba na *niwie radhi* kwa kosa.

Kwa hiyo, mfasiri au mwalimu anayekutana na *sorry* hana budi kuuliza kwanza tendo lilikuwa la nani. *Sori* ikichukua nafasi ya maneno yote mawili, wafiwa hubaki bila kujua kama wamefarijiwa au wameombwa radhi.