Asiyeona Naye Ana Haki ya Kuomba Kazi

Katika baadhi ya familia zetu yupo mtu asiyeona, au anayeona kwa shida. Wenzake wanapotoka kutafuta kazi, yeye hubaki nyumbani, kwa kudhani kwamba hapa Marekani hakuna atakayemwajiri. Sivyo. Sheria ya watu wenye ulemavu, iitwayo ADA, ilipitishwa mwaka 1990, na inamlinda tangu siku anapoomba kazi.

Sheria inasema nini?

Inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Mwajiri haruhusiwi kumnyima mtu kazi anayoiweza kwa sababu tu haoni. Kabla ya kukupa kazi, hapaswi kukuuliza una ugonjwa gani wa macho wala ulianza lini. Anaweza kuuliza kama utaiweza kazi yenyewe, kwa mfano kukunja mashuka au kupanga bidhaa kwenye maboksi.

Tena anatakiwa kukusaidia uombe kazi kama wengine, bila kukutoza chochote, isipokuwa kama msaada huo ni mzigo mkubwa mno kwake. Unaweza kuomba:

- usomewe fomu na uandikiwe majibu yako;
- upewe karatasi zenye maandishi makubwa au ya Braille;
- uongezewe muda wa kufanya jaribio.

Lazima useme

Mwajiri hawezi kujua unachohitaji usipomwambia. Tuseme fomu iko kwenye intaneti, na simu yako inayosoma kwa sauti haiwezi kuisoma. Usiiache. Piga simu au andika barua pepe: "Sioni vizuri. Naomba nijaze fomu hii kwa njia nyingine." Ukiitwa kwenye usaili, omba msaada siku kadhaa kabla. Tunza barua pepe hizo. Ni ushahidi wako.

Nani atakusaidia?

Kila jimbo lina ofisi ya Vocational Rehabilitation, kwa kifupi VR, inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Majimbo mengine yana ofisi ya pekee kwa wasioona. Huko mtu anaweza kufundishwa kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti na kutembea kwa fimbo nyeupe. Kwa mazoezi ya nyumbani, simu ya iPhone ina VoiceOver ndani yake, na NVDA ni programu ya bure kwa kompyuta za Windows.

Ukibaguliwa

Peleka malalamiko EEOC, tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini. Simu yao ni 1-800-669-4000. Hulipi kitu, wala huhitaji wakili. Usichelewe: una siku 180 tangu siku ulipobaguliwa, na katika majimbo mengi siku 300. Mwajiri haruhusiwi kukulipizia kisasi.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mtu wa namna hii, njoo naye ofisini kwetu. Mwache ajieleze mwenyewe kazi anayoitaka, kisha tutamsaidia kuwasiliana na VR.