Chakula cha Mkutano Mkuu: Makande kwa Watu Mia Moja

Kila mwaka, vyama vinapofunga hesabu na kuanza kuandaa mkutano mkuu, katibu hukabiliwa na jambo ambalo halimo katika masharti ya chama, nalo ni chakula. Wanachama hutoka mbali, wengine wakiwa njiani tangu alfajiri. Mkutano hauwezi kuanza mpaka akidi itimie, na ajenda ya mapato na matumizi peke yake yaweza kuchukua nusu siku. Mwanachama mwenye njaa hasikilizi taarifa ya mkaguzi. Huondoka kabla ya uchaguzi, na uamuzi hubaki mikononi mwa wachache. Kwa sababu hiyo chakula cha mkutano kina haki ya kuwamo katika makadirio ya chama, sawa na karatasi na nauli.

Hata hivyo, hakuna fungu dogo linaloleta manung'uniko makubwa kama hili. Mara nyingi hutokea kwamba nyama imenunuliwa bila stakabadhi, fungu limezidi, na siku yenyewe meza ya kamati imepata minofu ilhali waliokaa nyuma wameambulia mchuzi. Mwaka mzima hupita watu wakizungumza habari za sufuria badala ya bei ya mazao. Dawa ya tatizo hili ni chakula kimoja, kinachopikwa katika chungu kimoja, ambacho kila mtu hukipata kwa kipimo kile kile. Makande hutimiza masharti hayo vizuri.

KWA NINI MAKANDE

Makande ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Upareni na Kilimanjaro ni chakula cha kila siku. Pwani huungwa kwa tui la nazi. Na nchini Kenya hujulikana sana kwa jina la githeri. Wapo wanaoyadharau kwa kuwa waliyala shuleni wakiwa bwenini, tena yakiwa hayakuungwa. Lawama hiyo yafaa impate mpishi, si mahindi wala maharage.

Kwa upande wa lishe, vyakula hivi viwili hukamilishana. Mahindi yana protini kidogo, nayo imepungukiwa na baadhi ya viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana protini mara mbili au zaidi ya ile ya mahindi, na yana wingi wa kiini kile hasa kinachokosekana katika mahindi. Vikiliwa pamoja, mtu hupata chakula cha kujenga mwili bila ya kununua nyama. Aidha, maharage yana madini ya chuma, ambayo ni muhimu hasa kwa kina mama na watoto. Mwili huyapokea vizuri zaidi kukiwa na tunda kama chungwa katika mlo huo huo, na huyapokea vibaya iwapo chai imenywewa pamoja na chakula. Hivyo basi, chai itolewe asubuhi wanachama wanapoandikishwa, na wakati wa chakula yatolewe maji na machungwa.

Kuna faida nyingine inayohusu mikutano hasa. Akidi ikichelewa, chakula nacho huchelewa kuliwa. Wali na nyama vikikaa kwa muda mrefu vikiwa vuguvugu, vijidudu huzaliana na watu huharisha. Chakula kilichopikwa kisiachwe nje ya moto kwa zaidi ya saa mbili. Makande huweza kukaa juu ya moto mdogo, yakiongezwa maji ya moto kidogo kidogo, mpaka mwenyekiti aahirishe kikao kwa ajili ya chakula.

MAHITAJI KWA WATU 100

Mahindi makavu yaliyokobolewa, kilo 10. Maharage makavu, kilo 5. Vitunguu, kilo 3. Nyanya, kilo 4. Karoti, kilo 2. Mafuta ya kupikia, lita 1 na nusu. Chumvi, robo kilo. Kwa vipimo hivi kila mtu hupata gramu 150 za nafaka kavu, ambazo zikiiva hujaza sahani ya mtu mzima. Zinahitajika sufuria mbili, moja ya lita 50 na nyingine ya lita 30, zote zikiwa na vifuniko.

Idadi ya walaji isikisiwe kwa kutazama rejesta ya wanachama wote. Katibu atazame orodha ya mahudhurio ya mikutano miwili iliyopita, kisha aongeze wageni, wapishi na walinzi. Baada ya hapo aandike bei za soko lake, ajumlishe na gharama ya kuni na ya wapishi, na kugawa jumla hiyo kwa idadi ya sahani. Afanye hesabu hiyo hiyo kwa wali na nyama, na kuziweka zote mbili mbele ya kamati. Kamati ikiona gharama ya sahani moja kwa kila aina ya chakula, mjadala huwa mfupi.

UCHAGUZI WA NAFAKA

Vyama vingine hupunguza gharama kwa kumtaka kila mwanachama alete kikombe cha mahindi au cha maharage. Desturi hiyo ni njema, lakini ina hatari mbili.

Kwanza, maharage yaliyotoka nyumba mbalimbali hayaivi pamoja. Yaliyovunwa msimu huu huiva upesi. Yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu. Matokeo yake ni sufuria yenye maharage yaliyopasuka na mengine yaliyo mabichi. Hivyo ni afadhali mchango uwe wa mahindi, na maharage yanunuliwe kwa muuzaji mmoja. Kabla ya kununua, konzi moja ichemshwe ili kuona inaiva kwa muda gani. Wahenga walisema rahisi ni ghali: maharage ya bei ya chini yasiyoiva humaliza kuni na saa za watu.

Pili, na hili ni zito zaidi, mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kuchemsha. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Konzi chache kutoka gunia lililolowa zikichanganywa na nyingine, chakula chote hutiliwa mashaka. Kwa hiyo mchango wa kila mwanachama upokelewe peke yake na kukaguliwa kabla ya kuchanganywa. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kunyauka zikataliwe, hata kama aliyezileta ni mjumbe wa kamati. Kila kilichopokelewa kiandikwe katika daftari pamoja na kipimo chake, kwa sababu mchango wa nafaka ni mali ya chama kama ulivyo mchango wa fedha.

UTARATIBU WA KUPIKA

Tuchukue mfano wa chakula kinachotakiwa saa saba mchana.

Jioni ya siku iliyotangulia: nafaka ichambuliwe, ioshwe na kulowekwa katika maji mengi, mahindi chombo chake na maharage chombo chake. Kuloweka usiku kucha hupunguza sana muda wa kupika, na hapo ndipo kuni huokolewa. Wengine hutia magadi ili kulainisha. Magadi hufanya hivyo kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Anayeloweka mapema hana haja nayo.

Saa 12 asubuhi: maji ya kuloweka yamwagwe. Mahindi yatiwe katika sufuria kubwa na maharage katika ndogo, kwa maji mapya, na zote zifunikwe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondolewa na moto mkali. Ni lazima yatokote sawasawa kwa muda usiopungua dakika 30 kabla ya moto kupunguzwa. Maharage yaliyopashwa moto tu bila kutokota huweza kumfanya mlaji atapike katika muda wa saa chache.

Saa 4 hadi saa 5: vyote vikiwa laini, vitunguu vikaangwe kwa mafuta, zifuate karoti na nyanya, mpaka rojo iwe nzito. Mahindi na maharage yachanganywe, yagawanywe katika sufuria mbili, na kuungwa kwa rojo hiyo. Chumvi itiwe sasa. Moto upunguzwe, na chakula kiachwe kichemke taratibu kwa nusu saa. Penye nazi, tui zito litiwe mwishoni kabisa.

Saa 6: chakula ki tayari, na kuna saa nzima ya akiba. Upakuaji ufanywe kwa upawa mmoja kwa kila sufuria, na wajumbe wa kamati wapange foleni pamoja na wanachama wengine.

NYUMBANI

Utaratibu huu hufaa pia katika familia. Kwa watu sita, mahindi gramu 600 na maharage gramu 300 yatosha. Watoto wadogo wapondewe sehemu yao, maana punje nzima huwashinda kutafuna na yaweza kuwakaba. Kinachobaki mchana kichemshwe tena mpaka kitokote kabla ya kuliwa usiku, wala kisiwekwe hadi kesho yake mahali pasipo na jokofu. Kwa misiba na arusi, vipimo vya watu 100 vizidishwe kwa kadiri ya wageni, na sufuria ziongezwe pia, kwa kuwa sufuria iliyojaa kupita kiasi huungua chini na kubaki mbichi juu.

HESABU

Baada ya mkutano, katibu awe na hati ya malipo kwa kila kilichonunuliwa, daftari la michango ya nafaka, idadi ya sahani zilizopakuliwa, na maelezo ya kilichobaki. Maelezo hayo hutosha karatasi moja. Isomwe katika kikao cha kwanza cha kamati na kuhifadhiwa katika jalada la mkutano mkuu. Mwaka ujao katibu hatakuwa na haja ya kukisia, na mwanachama atakayeuliza fedha ya chakula ilikwenda wapi atajibiwa kwa tarakimu.