Mfadhili, Sare na Dhamiri: Maana ya Usawa wa Kidini katika Shule za Umma nchini Kenya

Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya ya 2010 ni kifupi mno: hakutakuwa na dini ya taifa. Ufupi huo umewafanya wengi waamini kwamba suala la dini katika taasisi zinazoendeshwa kwa fedha za umma lilikwisha kupatiwa jawabu. Mashauri yaliyofikishwa mahakamani tangu mwaka huo yanaonyesha vingine. Makala haya yanafafanua jinsi mahakama za Kenya zilivyoifasiri dhana ya usawa katika migogoro ya mavazi, siku za ibada na nywele shuleni. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa migogoro hii hautokani na uhaba wa sheria za kulinda dhamiri. Unatokana na swali la awali zaidi ambalo halijajibiwa waziwazi, yaani, shule ya umma iliyoasisiwa na kanisa ni ya nani?

Usuli: kutoka umiliki hadi ufadhili

Sehemu kubwa ya shule kongwe za Kenya iliasisiwa na wamisionari katika enzi ya ukoloni. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 iliitazama elimu kuwa huduma ya taifa ambayo haipaswi kuipendelea dini yoyote. Sheria ya Elimu ya 1968 ilitekeleza mwelekeo huo kwa kuuhamishia upande wa umma usimamizi wa shule, na kanisa lililokuwa likiendesha shule likabaki kuwa mfadhili. Sheria hiyohiyo ilimruhusu mzazi kuomba mtoto wake asishiriki ibada au mafundisho ya dini shuleni. Tangu mwanzo, basi, mfumo ulikubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba shule ina sura ya dini fulani, na kwamba mwanafunzi wa dini nyingine anaweza kuomba kuepushwa na sura hiyo. Anayeomba ni yeye. Mwenye dini ya mfadhili hana la kuomba.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Sheria za Kenya huandikwa kwa Kiingereza, lakini wazazi wengi hulijua jambo hili kwa neno la Kiswahili. Katika Kiswahili, mfadhili ni mtenda hisani, na aliyetendewa hisani hatarajiwi kudai haki mbele ya aliyemtendea. Ni vigumu kuamini kwamba uteuzi wa neno hilo haujaathiri namna uhusiano huu unavyoeleweka katika mikutano ya wazazi.

Kisheria, hata hivyo, nafasi ya mfadhili ina mipaka. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa uwakilishi katika Bodi ya Usimamizi, nafasi ya kutoa mapendekezo kuhusu mtaala, na wajibu wa kusimamia malezi ya kiroho, ikiwamo kuteua kasisi wa shule kwa gharama zake mwenyewe. Malezi hayo ya kiroho yameambatanishwa na sharti: yaendelezwe huku imani ya wengine ikilindwa. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu hulipwa na serikali, na tangu 2018 serikali ilipanga ruzuku ya shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo hutoka kwa walipa kodi wa dini zote na wasio na dini.

Shauri la Isiolo

Mgogoro uliofichua utata huu kwa uwazi zaidi ulizuka 2014 katika shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti nchini Kenya. Isiolo ni mji ambao Waislamu na Wakristo wameishi bega kwa bega kwa muda mrefu, na shule hiyo ilikuwa na wanafunzi wa pande zote mbili. Katika sherehe ya kutoa zawadi mwezi Juni, naibu gavana wa kaunti aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Ombi hilo lilizua mvutano shuleni, na kanisa likafungua shauri katika Mahakama Kuu mjini Meru.

Machi 2015 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa kanisa. Kiini cha hoja kilikuwa kwamba kuwaruhusu wanafunzi wa dini moja kuvaa tofauti ni kuwabagua wasio wa dini hiyo. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Sare ilibuniwa, pamoja na mambo mengine, ili mtoto wa tajiri na wa maskini wasitambulike kwa nguo, na mwalimu anayesimamia gwaride la asubuhi ana sababu ya kuogopa kanuni yenye vighairi vingi. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inachukulia kuwa kanuni iliyopo haina dini. Iwapo sare ilibuniwa na watu ambao dini yao haiwataki wasichana wa umri huo wafunike kichwa, basi kanuni hiyo inamgusa Mkristo na Mwislamu kwa uzito usio sawa, hata kama imeandikwa bila kumtaja yeyote.

Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ililiona jambo hilo. Katika hukumu ya Septemba 2016 ilitengua uamuzi wa Meru kwa msingi wa ubaguzi usio wa moja kwa moja, ambao Kifungu cha 27 cha Katiba kinaukataza kwa kutaja dini, dhamiri, imani na, jambo ambalo wasomaji wengi wa Katiba hulipita haraka, mavazi. Kwa mujibu wa mtazamo huo, kumtendea kila mtu kwa namna moja hakutoshi pale ambapo namna hiyo inamlazimu mmoja kuchagua kati ya dini yake na masomo yake. Bodi ilielekezwa kushauriana na wahusika ili kanuni za shule ziwe na nafasi ya ruhusa maalumu.

Mwelekeo huu haukuwa mgeni barani. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la msichana wa jamii ya Kihindu wa Durban aliyekatazwa na shule ya umma kuvaa kipini puani. Mahakama hiyo ilikubali kwamba kipini hakikuwa faradhi katika dini yake, lakini ikaona kuwa shule ilipaswa kumpa ruhusa kwa sababu kilikuwa na maana ya kweli katika dini na utamaduni wake, na kwa sababu kumruhusu kusingeidhuru shule kwa kiasi chochote kikubwa. Umuhimu wa uamuzi huo ni kwamba uliziondolea shule kazi isiyozistahili, ile ya kuamua mafundisho ya dini za watu.

Kanisa lilikata rufaa katika Mahakama ya Juu. Januari 2019 mahakama hiyo, kwa wingi wa majaji, iliitengua hukumu ya Nyeri bila kuligusa swali la hijabu lenyewe. Ilisema kwamba madai ya upande wa wazazi hayakuwasilishwa ipasavyo, kwa kuwa yaliwekwa ndani ya hati ya kiapo ya kujibu badala ya kufunguliwa kama ombi rasmi. Aliyetaka suala hilo liamuliwe alipaswa kuanza upya katika Mahakama Kuu. Jaji Ojwang hakukubaliana na wenzake. Kanuni za utaratibu zina uzito wake, na mahakama isiyozifuata hujichimbia shimo. Hata hivyo, kipimo cha muda kinastahili kuwekwa mezani. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2014 alifanya mtihani wake wa mwisho 2017. Mgogoro uliohusu kichwa chake ulifikia mwisho mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka, na ulifikia mwisho bila jibu.

Jumamosi na nywele

Mashauri mengine mawili yanaonyesha kwamba suala hili si la Waislamu peke yao. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ililikubalia Kanisa la Waadventista Wasabato kwamba shule za umma zilipaswa kuwazingatia wanafunzi ambao dini yao inawakataza kuhudhuria vipindi siku ya Sabato, Jumamosi. Na Septemba 2019, miezi minane tu baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba msichana wa kidato cha kwanza hangeweza kufukuzwa shuleni kwa sababu ya rasta zake, alizokuwa akizifunika kwa kilemba.

Shauri la Sabato lina funzo lisilotajwa sana. Hakuna shule ya umma iliyowahi kushtakiwa kwa kuwalazimisha Wakristo wengine kusoma Jumapili asubuhi, kwa sababu ratiba imekwisha kuwapa siku hiyo. Ruhusa ya Jumapili ipo, ni kubwa kuliko zote, na haiitwi ruhusa. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya shule na sala ya kufungulia mikutano. Mtihani wa kitaifa wa sekondari hutahini Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, jambo la kupongezwa. Lakini mwanafunzi anayefuata Urastafari au dini ya jadi ya wazee wake huingia darasani akiwa tayari ni mtu wa kuombewa nafasi. Kudai, basi, kwamba hijabu inaingiza dini katika mahali pasipo na dini ni kukosea maelezo ya mahali penyewe.

Upande wa mfadhili

Itakuwa dhuluma kulifanya kanisa liwe mhalifu katika simulizi hii. Makanisa yalijenga madarasa pale ambapo serikali ya kikoloni haikujenga, na mengi bado huchangia. Wasiwasi kwamba tabia ya shule itafifia si wa kubuni. Tena, kanuni inayotetewa hapa itawabana Waislamu vilevile: shule ya umma inayofadhiliwa na jumuiya ya Kiislamu haiwezi kumlazimisha msichana Mkristo kufunika kichwa, kwa kuwa Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kushurutishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Anayeikubali hijabu Isiolo na kuukataa ushuru huo katika shule ya upande wa pili hatetei usawa. Anatetea watu wake.

Kwa sasa uamuzi unabaki mikononi mwa kila bodi, na mara nyingi mikononi mwa mkuu wa shule siku ya kuripoti, mzazi akiwa amesimama na sanduku la mtoto. Kifungu cha 27 cha Sheria ya 2013 kinataka imani za wengine zilindwe, lakini hakisemi zilindwe vipi, na nani, wala ndani ya muda gani. Marekebisho madogo yangetosha kuanzia: kila shule iwe na utaratibu wa maandishi wa kupokea maombi ya ruhusa za kidini, bodi ijibu kabla ya muhula kufunguliwa, na ikikataa ieleze ni madhara gani mahususi ambayo ruhusa hiyo ingeiletea shule. Sharti hilo la mwisho ndilo litakaloleta ugumu, kwa kuwa katika shauri zima la Isiolo, kutoka Meru hadi Nairobi, madhara yaliyozungumzwa yalikuwa zaidi ya hofu kuliko ya jambo lililokwisha kutokea darasani kwa sababu ya kitambaa chenyewe.